Kutoa ganda la ndani la boti kuukuu ya faiba: mwongozo kamili

Boti ya ami yangu ilikuwa ya futi 23, ikivusha abiria kati ya Mokowe, upande wa bara, na Amu, mji wa kisiwa cha Lamu. Kwa miaka miwili ilizidi kuwa nzito. Injini ni ileile, abiria ni walewale, lakini omo, yaani mbele ya boti, ilikataa kuinuka na petroli ya wiki ikawa haifiki Ijumaa. Kila tulipoipweleza maji yakipwa, tulifungua kizibo cha tezi, yaani nyuma ya boti, maji yakachuruzika kidogo, tukaona mambo ni shwari. Mpaka siku ami aliponiita, "Njoo, sikiza," akapiga sakafu kwa kisigino. Karibu na omo sakafu ililia kavu, ka. Katikati ililia bu, kama mtu anayepiga gunia la chumvi. Maji yalikuwa yamejikalia chini ya ganda la ndani, mahali ambapo kizibo hakifiki.

Mwongozo huu ni wa kulitoa ganda hilo. Nauandikia fundi au mwenye boti ambaye tayari ameshika grinda na anataka kuanza leo. Nakuomba usianze leo.

Ganda hilo ni nini, na limebeba nini

Boti nyingi za faiba zina maganda mawili. La nje ndilo linalokutana na bahari. La ndani hufinyangwa kwenye kalibu yake lenyewe, likiwa na sakafu, viti na masanduku ya kuwekea vitu, kisha huteremshwa ndani ya lile la nje kama bitana inavyokaa ndani ya koti. Hushikishwa kwa gundi nzito ya resini pale yanapogusana, na kwa kanda za faiba pale yanapokaribiana. Katikati hubaki uwazi, na humo ndimo kiwanda kilimopitisha nyaya, mipira ya mafuta, mihimili ya mbao iliyovikwa faiba, na mara nyingi povu gumu la kuifanya boti ielee hata ikijaa maji.

Aliyekulia karibu na mafundi wa Matondoni amezoea chombo kinachojieleza. Ukiingia ngamani, chini tumboni mwa chombo, unayaona mataruma yote, zile mbavu zake, unahesabu, unagusa. Ubao ukioza unaung'oa, na mataruma yanabaki yameshika umbo. Kwenye faiba mambo ni kinyume. Kile unachotaka kukitupa, mara nyingi ndicho taruma lenyewe. Ganda la nje la boti ndogo linaweza kuwa na unene wa milimita 6 hadi 10 tu, na peke yake hulegea kama ngozi ya ngoma isiyowambwa. Ndiyo maana kazi nzima nitakayoieleza hapa inazunguka jambo moja: jua ganda la ndani limebeba nini, na mzigo huo upe kitu kingine kabla hujakata.

Kuna aina mbili, na ni lazima ujue yako ni ipi. Ya kwanza, ganda la ndani na sitaha ya ukingoni ni kipande kimoja. Ukiutoa ule mpira wa ubavuni unaokinga boti isigonge gati, utakuta chini yake msururu wa ribiti au skrubu unaozunguka boti nzima. Hii unaweza kuinyanyua nzima: toboa ribiti zote, kata gundi iliyo chini ya sakafu, uite watu. Ya pili, ganda liliwekwa kwanza na sitaha ikafungwa juu yake. Hilo halitoki ila kwa vipande. Boti ya ami ilikuwa ya aina ya pili, na ndiyo nitakayoifuata zaidi, kwa sababu ndiyo yenye kazi.

Kwanza, hakikisha inastahili kutolewa

Boti nyingi ninazoletewa hazihitaji kutolewa ganda lote. Piga sakafu na viti kwa mpini wa bisibisi, kila baada ya upana wa kiganja, na uzungushie kalamu kila mahali panapolia bu. Kisha chukua dreli yenye ncha ya milimita 5. Funga utepe kwenye ncha hiyo, milimita 6 kutoka kwenye makali, uwe ndio mpaka wako wa kuzama. Toboa ganda la ndani peke yake, pale ulipozungushia. Unga ukitoka mkavu na mweupe, pita. Maji yakichirizika, au dreli ikitoa kitu cha kahawia chenye harufu ya uchachu, umefika.

Kama ubaya uko sehemu moja, kata dirisha, tengeneza, funga. Kulitoa lote ni pale mihimili imeoza kwa urefu, au povu limelewa maji, au ubao wa tezi unaobeba injini umelainika na unyevu umetambaa kuelekea mbele. Povu lililolewa maji halikauki kwa kuachwa juani. Nimewahi kuona vipande vilivyokaa nje msimu mzima wa kaskazi, na ukivikamua bado vinatoa maji. Kila lita ya maji ni kilo moja, na chini ya sakafu ya boti kama ile yanaingia malita.

Msimu na mahali

Mimi huanza Januari. Kaskazi inavuma kwa utulivu, mvua hakuna, na mpaka masika yaingie Aprili una miezi mitatu ya ukavu. Kusi ina upepo unaochukua vumbi mpaka sebuleni kwa watu, na masika yatakulowesha ganda ulilolikausha kwa wiki mbili.

Pandisha boti wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au mwezi mpevu, maji yakiwa juu kabisa. Ukiipandisha maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapandi sana, bamvua itakayofuata itaifikia hapo ulipoiweka na kuitikisa juu ya gadi zake, ile miti ya kuiegemeza. Tukio hilo nimelishuhudia usiku, na kelele zake sizisahau.

Mahali pawe mbali na wanakoanika samaki, mbali na birika la maji ya mvua, mbali na njia ya watoto waendao chuoni. Vumbi la faiba ni vioo vidogo visivyooza. Kwenye mji kama wetu ambao nyumba zimegusana, huwezi kusema upepo utalipeleka kwingine, kwa maana kwingine ni kwa jirani. Funga turubai pande tatu, na ule upande unakoelekea upepo uufunge mpaka chini. Usikatie chini ya paa la makuti. Diski ikikutana na bolti hutoa cheche, na makuti makavu hayasubiri.

Vaa kabla ya kushika chombo

Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii kitu. Unahitaji maski ya raba inayobana uso, yenye vichungi viwili vya daraja la P3, ile ambayo Wamarekani huiandika P100. Kama hujapata, N95 ni afadhali kuliko kukaa bila, lakini kwa siku nzima ya kukata ni ndogo. Na hapa niseme waziwazi kwa ndugu zangu wenye ndevu: maski hiyo haibani juu ya ndevu, vumbi hupita pembeni. Kama hutaki kuzigusa, na una haki yako, basi tafuta maski ya kofia inayosukuma hewa kwa betri, au kukata mwachie mwenzako asiye na ndevu, wewe ubebe na kupima, ukiwa mbali na vumbi.

Miwani iliyozibwa pembeni, ovaroli ya mikono mirefu, glovu, vizibo vya masikio. Funga utepe mpana kwenye vifundo vya mikono na miguu. Paka poda shingoni na mikononi kabla ya kuvaa, ngozi isishike vumbi. Vumbi hili huwasha kama upupu, na ukijikuna unalizamisha zaidi. Jioni oga kwa maji baridi kwanza, usijisugue, acha maji yabebe. Nguo za kazi zisifuliwe na nguo za watoto.

Toa mafuta, kisha kila kinachotoka

Tangi la petroli ni la kwanza, na hili halina mjadala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kulala ngamani, ndani ya ule uwazi ambao diski yako itaufungua. Toa tangi, toa mipira yake, zima na uondoe betri, fungua kila kifuniko, uache boti ipigwe na upepo siku nzima au zaidi. Kama bado unasikia harufu, bado.

Baada ya hapo toa injini, usukani, viti, vipete vya kamba, nyaya. Kila waya ufunge kipande cha utepe chenye maandishi: umetoka wapi, unakwenda wapi. Piga picha nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika. Skrubu za kila kifaa zikae kwenye kopo lake.

Gadi, na umbo la boti

Hapa ndipo nataka ukae na mimi kwa muda.

Boti ya kwanza kuikata nikiwa peke yangu ilikuwa ya mvuvi mmoja, ya ukubwa uleule wa futi 23. Niliiweka juu ya magogo mawili, moja karibu na omo na jingine tezi, nikaiegemeza gadi mbili kila upande, nikaanza. Siku ya kwanza nilitoa sakafu. Siku ya pili viti. Siku ya tatu kuta zote za ndani zilikuwa mchangani na nilijiona fundi. Wiki mbili baadaye, mihimili mipya ikiwa imeshagandishwa, tulirudisha kipande cha sitaha cha mbele na hakikukaa. Kingo zilikuwa zimefunguka sentimita 4. Na chini, pale penye gogo la tezi, ganda la nje lilikuwa limebonyea ndani, ukilitazama kwa pembeni unaona kivuli. Mihimili yangu mipya ilikuwa imelishika umbo hilo baya, ikalifanya la kudumu. Tuliikata yote tukaanza upya. Mvuvi yule alikosa msimu wa kaskazi kwa sababu ya mbao nne ambazo sikuzipigilia.

Sasa nafanya hivi. Mkuku, ule uti wa chini wa boti, uubebe kwa urefu wake, sehemu nne au tano, juu ya mbao pana, si juu ya magogo mawili. Uzito wa boti uwe kwenye mkuku. Gadi za ubavuni ni za kuizuia isilale tu, na kila moja iwekwe pale ambapo ndani kuna kitu kigumu, kama kiambaza (ukuta wa ndani unaokingama) au mhimili, kamwe isiwe katikati ya ubavu mtupu. Kati ya gadi na boti weka ubao mpana uliofungwa zulia kuukuu.

Sawazisha kwa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji ndani yake. Ncha moja kwenye ukingo wa kushoto, nyingine kulia, maji yawe usawa mmoja. Rudia mbele, kati na nyuma. Kisha iache siku mbili ijikalie mchangani, maana mchanga hushuka, upime tena na kuongeza kabari palipolegea.

Halafu pima. Anzia omo, kila sentimita 50 weka alama ukingoni kwa wino usiofutika, uzipe namba. Kwenye kila namba andika upana wa boti kutoka ukingo hadi ukingo. Pima pia mishazari: kutoka namba ya kwanza kushoto hadi ya mwisho kulia, na kinyume chake. Tandaza uzi kutoka omo hadi tezi katikati, na kwenye kila namba upime kina kutoka uzi hadi sakafu. Namba zote ziandike mara mbili, kwenye daftari na juu ya ubavu wa boti yenyewe, kwa sababu daftari hupotea.

Mwisho, mbao. Chukua mbao za inchi 2 kwa 4, uzilaze kutoka ukingo hadi ukingo kila baada ya mita moja hivi, na uzifunge kwa bolti kupitia matundu ya zamani ya vifaa ulivyovitoa, au kwa skrubu mahali ambapo patafunikwa baadaye. Skrubu, si misumari. Zitakusumbua kichwa kazi nzima, utainama na kupita chini yake mara mia kwa siku. Usizitoe.

Tafuta ganda limeshikwa wapi

Gundi haiko kila mahali. Ukigonga, palipo na gundi panalia pagumu na pafupi, palipo wazi panalia kwa mwangwi. Ile kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu, ambayo mafundi wa magari wanayo, inapita kwenye tundu la sentimita moja na kukuonyesha kila kitu. Tazamia gundi juu ya mihimili ya urefu, kuzunguka masanduku, kwenye viambaza, na chini ya ukingo wa juu. Chora mistari yake juu ya ganda kwa rangi nyekundu. Palipo na nyaya au mipira usiyoweza kuitoa, chora bluu.

Kisha unene. Ganda la nje lipime pale palipotolewa kifaa kinachopita chini ya maji, au kwenye tundu la kizibo. Ganda la ndani lipime kwenye yale matundu uliyotoboa mwanzo. Boti ya ami ilikuwa na milimita 8 nje na milimita 4 ndani. Namba hizo mbili ziandike mahali utakapoziona ukiwa umeshika mashine.

Kukata

Vyombo vyangu ni vitatu. Msumeno wa umeme wa duara kwa mistari mirefu ya sakafu, kwa sababu kina chake hufungwa na hakibadiliki. Grinda ya inchi 4 na nusu yenye diski ya almasi kwa mistari mifupi na ya kusimama. Na ule msumeno mdogo wenye ulimi bapa unaotikisika, kwa kona na kwa kukata gundi. Jigso iache nyumbani. Ulimi wake hupanda na kushuka zaidi ya sentimita mbili, na chini ya ganda kuna ganda jingine.

Funga kina cha msumeno sawa na unene wa ganda la ndani, au pungufu kwa nusu milimita. Afadhali kipande kibaki kimeshikwa na nyuzi chache ukimalizie kwa mkono, kuliko kuchora mfereji kwenye ganda la nje.

Anza na dirisha moja, sentimita 30 kwa 30, katikati ya sakafu, kati ya mistari miwili myekundu. Litoe, ulale kifudifudi, utazame kwa tochi. Dirisha hili ndilo litakalokuambia kama mistari yako ni ya kweli. Kwenye boti ya ami nilipolifungua, maji meusi yalikuwa yamesimama vidole vitatu, na mhimili nilioushika ulivunjika kwa kidole. Mbao yake ilikuwa imekuwa machicha ya nazi. Niliyakamua kwenye kiganja yakatoa maji, mbele ya ami, naye hakusema neno. Ganda la faiba lililouvika mhimili huo lilikuwa zima kabisa. Kwa nje ungeapa ni mzima.

Fuata sakafu yote, ukikata kando ya mistari myekundu na si juu yake. Vipande viwe vya kubebwa na watu wawili bila kujipinda. Baada ya sakafu, nyuso za viti, kisha kuta za masanduku. Kuta zinazokaribia ubavu zije mwisho, na hapo uache ukingo wa sentimita 5 kutoka ganda la nje. Usijaribu kukata pembeni kabisa. Mahali ganda la ndani linapoungana na la nje ndipo mkono hushindwa kujua umefika wapi, na ndipo boti nyingi hutobolewa. Ukingo huo utausaga baadaye kwa subira.

Ile sehemu ya juu kabisa, inayoshikana na sitaha, iache mpaka yote mengine yametoka na mbao zako za kupitisha zimekaguliwa upya. Kwenye boti nyingi huna haja ya kuitoa.

Kila kipande kikitoka, kiandike namba na mshale unaoelekea omo. Usikitupe bado. Hivi ndivyo vipimo vyako vya sakafu mpya na viambaza vipya, na hakuna karatasi itakayokupa pembe sahihi kama kipande chenyewe.

Gundi ngumu

Palipo na mistari myekundu vitabaki vipande vilivyoshika. Hapa watu huchukua mtaimbo. Mtaimbo ukiupa nguvu, unahitaji mahali pa kuegemea, na mahali hapo ni ganda la nje. Faiba ni matabaka, na ukiiinua kwa nguvu hutoka na tabaka la ganda la nje likiwa limeng'ang'ania gundi, kama gamba la samaki linalotoka na ngozi. Kwa nje jelikoti, lile tabaka la rangi la juu, itaonyesha ufa wa umbo la buibui.

Pitisha ulimi wa msumeno mdogo ndani ya gundi yenyewe, sambamba na ganda la nje, sentimita chache kwa mara moja. Nyuma yake tia kabari nyembamba ya mti mgumu, uigonge kidogo, uendelee. Kabari mbili au tatu zinazofuatana hufungua mstari wa mita moja bila kelele. Ulimi ukipata moto na kuanza kutoa moshi, pumzika. Nenda nazo ndimi za akiba nyingi, maana faiba huzila.

Povu na maji

Povu likate kwa msumeno wa mkono, vipande kama mikate, uvichote kwa koleo bapa. Palipogandana na ganda la nje liache unene wa kidole, utalikwangua baadaye. Toboa tundu kwenye sehemu ya chini kabisa ya kila chumba cha mhimili, ili kila maji yaliyofungiwa yapate njia.

Usilichome. Najua pwani tumezoea kuwasha moto wa takataka jioni, lakini moshi wa povu hili una sumu ya sianidi pamoja na kaboni monoksidi, na moshi wa resini nao si wa kukaa karibu. Wala usilitupe mikokoni. Watu huniuliza mbona jahazi la Flipflopi lilijengwa hapahapa Lamu kwa takataka za plastiki na kushushwa majini 2018, kwa nini faiba isifanywe vivyo hivyo. Plastiki ile huyeyuka ikafinyangwa tena. Poliesta ya boti ikishaganda haiyeyuki, ukiipa moto huungua tu. Kwa hiyo vipande vikubwa vilivyo bapa navitunza kwa kuwekea chini ya vipete vya kamba, na vilivyobaki naviweka magunia mawili mawili, moja ndani ya jingine, vinapelekwa dampo. Punda asibebeshwe gunia lililo wazi, ngozi yake huwashwa kama yako.

Kusafisha ganda la nje

Kabla ya msasa, osha. Chini ya sakafu kuna oili ya injini ya miaka mingi, na ukilisaga ganda likiwa na oili unaizamisha ndani ya faiba, kisha hakuna resini itakayoshika. Sabuni, maji baridi yasiyo ya chumvi, brashi, mara mbili. Ikauke siku kadhaa.

Kisha saga zile kingo za sentimita 5 na mabaki ya gundi kwa diski ya msasa namba 36 au 40. Mkono uwe unatembea wakati wote. Utajua umefika pale rangi ya gundi, ambayo huwa nyeupe au kijivu bila nyuzi, inapopotea na unaona nyuzi za faiba zenye weupe wa maji. Hapo simama, hizo ni za ganda la nje. Palipochanika matabaka, saga mteremko: kwa kila milimita moja ya kina, milimita 12 za upana. Fyonza vumbi, usilifagie, kisha pangusa kwa asetoni na kitambaa safi, ukikibadilisha mara kwa mara. Asetoni ukiwa na sigara au jiko karibu, ahirisha.

Gonga sasa ganda la nje lote kutoka ndani. Hii ndiyo nafasi ya pekee utakayoipata katika maisha ya boti hiyo kuliona likiwa tupu. Zungushia kila ufa, kila tundu la zamani lililozibwa hovyo, kila sehemu inayolia tofauti. Pumzisha kazi siku tatu nne kisha upite tena kwa kiganja, utafute unyevu unaorudi.

Rudisha nguvu kabla ya kutoa mbao

Kujenga upya ni somo lake, ila mambo machache yanahusu kazi hii. Mihimili na viambaza vipya huingia mbao zako za kupitisha zikiwa bado zimefungwa. Kwa kushika juu ya faiba ya zamani, epoksi hushika vizuri zaidi kuliko poliesta, ni ghali lakini mimi hulipa. Ukichagua epoksi endelea nayo, kwa sababu poliesta juu ya epoksi haishiki ipasavyo. Ukitumia poliesta kwenye joto letu la nyuzi 30, hadena, ile dawa ya kuigandisha, iwe karibu asilimia 1, na uchanganye kidogo kidogo. Hadena hiyo ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani, na ndoo ya maji safi iwe miguuni pako. Kama resini yako haijatiwa kobalti, ile ya kuharakisha kuganda, usiikutanishe kobalti na hadena moja kwa moja, hulipuka. Koroga moja ndani ya resini kwanza, kisha nyingine.

Mimi na binamu yangu ganda la boti ya ami lilituchukua siku sita za kulikata na siku nne za kusaga. Kupima na kufunga gadi kulichukua siku tatu kabla ya hapo.

Mihimili ikishaganda, iache wiki. Kisha toa ubao mmoja wa kupitisha, ule wa katikati, na upime upana kwenye namba zilizo karibu nao. Usitoe wa pili siku hiyohiyo. Rudi asubuhi, jua halijaipasha boti joto, upime tena. Namba ikiwa imesogea zaidi ya milimita 3, rudisha ubao na utazame ni mhimili gani haujashika. Kwenye boti ya ami yeye alishika ncha ya tepu upande wa kushoto, mimi kulia, kwenye namba 7. Ubavuni nilikuwa nimeandika sentimita 214. Tepu ilisema 214, na asubuhi yake ikasema hivyohivyo, tukafungua ubao wa pili.